Vibandiko Tisa

Dirisha la nyuma la teksi yangu lina vibandiko tisa.
Chekundu, cha buluu, cha kijani chenye mbwa anayecheka,
na kimoja sikumbuki hata nilikibandika lini.
Abiria huvisoma kama wanapimwa macho,
kisha huuliza: "Na ile ya njano, unapokea?"

Siipokei ya njano.
Mimi Hamaguchi, miaka thelathini na moja barabarani Kanazawa,
glavu nyeupe, gari langu mwenyewe, deni limekwisha,
nimeomba radhi kwa ajili ya njano
mara nyingi kuliko nilivyomwomba marehemu mke wangu.

Jana usiku niliketi jikoni na karatasi.
Mkwe wangu Chinatsu akanisomea, mmoja mmoja, masharti yao:
hii inakata tatu katika mia, ila hela huingia kesho;
hii huleta watalii, hii huleta walevi;
hii haikati kitu mwaka wa kwanza.
"Na wa pili?"
Akashusha miwani, akasoma tena, akanyamaza.
Rahisi ni ghali, nikasema, nikachora mstari.

Lakini za malipo ni mifuko tu.
Mfuko hushonwa, mfuko hufumuliwa.
Ile ya kuitia teksi ndiyo iliyoninyima usingizi,
maana ile ina mdomo:
hunipa sekunde kumi na tano za kukubali,
na nikikataa, huandika.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi,
huwa nje kwa Bi Yonezawa Tomie,
nimpeleke hospitali akasafishwe damu.
Hunipigia kwa simu ya waya, usiku wa kuamkia,
kana kwamba naweza kusahau.
Na ndipo kile kidude hutetemeka kwenye kishikio:
mgeni, stesheni, safari ndefu, nauli mara nne.
Kumi na nne. Kumi na tatu.
Mabomba ya barabarani yanarusha maji, theluji inageuka uji.
Mlango wake unafunguka.
Fimbo kwanza, kisha mguu, kisha yeye.
Tatu. Mbili.

Wameniandikia barua ya adabu kubwa.
Kiwango changu cha kukubali ni sitini na moja.

Yeye hulipa kwa sarafu, kutoka kibeti cha umbo la chura,
akizipanga kwenye kisahani: hamsini, kumi, kumi,
anasita, anairudisha moja, anaitoa tena.
Simhimizi. Nahesabu vifuta kioo.

Basi nikakata shauri. Sita zife, tatu zibaki.
Ile yenye mdomo nitaifumba hadi saa tatu.
Nikavikwangua vibandiko kwa maji ya moto na ukucha
hadi kidole kikauma,
na gundi ikabaki, miraba sita ya ukungu.

Leo Ijumaa, mbele ya hospitali,
Bi Yonezawa hakumtoa chura.
Alitoa simu, mpya, yenye maandishi makubwa kama ya bango.
"Mjukuu amenifundisha," akasema.
"Nimefanya mazoezi siku tatu, hata dukani nimenunua tofu.
Ile ya kijani. Yenye mbwa."

Nikageuka kutazama dirisha,
mraba ule pale, jana tu mbwa alikuwa akicheka.

"Mashine ina baridi leo," nikasema.
Nimedanganya nikiwa nimevaa glavu nyeupe.
"Hata mimi," akasema, akafungua chura.
Hamsini. Kumi. Kumi.
Gari la nyuma likapiga honi fupi, likajuta.
"Jumatatu, basi," akasema.

Sasa ni saa sita usiku. Chinatsu amelala.
Niko jikoni peke yangu, namtafuta mbwa.
Nimempata.
Anacheka, anauliza nenosiri.